Bonde Nililosema Halina Mtu

Mama Idda, shikamoo, na kamwene kwa wote mnaosoma gazeti hili hapo Makambako. Mimi naitwa Lameki, wa Kichiwa, na kama umewahi kula kwenye vibanda vya pale yanapolala malori lazima jina langu umelisikia, maana mimi siyo mtu wa kujificha, nimekuwa utingo mpaka Ndola, mpaka Lubumbashi, nimelala chini ya semi kwenye nchi za watu, naongea Kibena, Kiswahili, Kibemba cha kununulia chakula na Kiingereza cha kumtuliza askari wa mpakani, shule niliiacha katikati lakini hasara waliipata wao. Leo nakuandikia kichwa kinazunguka kama feni ya gesti, nisaidie.

Ni hili bomba la gesi linalosemwa litapita kwetu. Mwezi wa pili, mvua inanyesha kama imetumwa, walikuja wapimaji, gari lao likakwama kwenye tope, na nani aliwatoa? Mimi. Nikatandika matawi chini ya matairi, nikamfokea dereva wao kwa Kibemba ili aogope, gari likatoka, na injinia wao, kijana anaitwa Hilario, akasema, “Mzee, wewe ndiye tuliyekuwa tunakutafuta.” Wakanivika kizibao cha njano kinachong'aa na kofia ngumu, nikawa mwenyeji wao, na sikufichi, kile kizibao nilikitembeza kijiji kizima, hata kanisani niliingia nacho mpaka mchungaji akapoteza mstari aliokuwa anausoma.

Sasa mstari wao wa kwanza ulikuwa upite mlimani, na mlimani ndiko makaburi yetu yaliko, babu yangu yuko pale, wazee wakanituma wakasema, “Lameki, wewe unajua maneno, wasogeze hao watu,” nikawasogeza. Injinia akaniuliza, “Na kule bondeni kuna nani?” Nikatazama chini, maji yametuama, majani yanafika kifuani, hakuna jembe hata moja, watu wote wako juu kwenye mahindi ya mvua, nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyetembea, “Bondeni hakuna mtu, pitisheni.” Wakachomeka vigingi vyenye vichwa vyekundu, wazee wakanishukuru, wakaninywesha ulanzi, nikalala usingizi wa mheshimiwa.

Kumbe bondeni ndiko kwenye vinyungu! Nilisahau, Mama Idda, mimi niliyekuzwa na mahindi ya kinyungu nilisahau, kwa sababu miaka yote kiangazi kilinikuta barabarani, nilikuwa napita nyumbani mara moja, milima imekauka kama ngozi ya ngoma, nakuta mahindi mabichi na mboga mezani, nakula, naondoka, sijiulizi vimetoka wapi. Kumbe mvua zikiisha na maji yakishuka, akina mama wanainua matuta kwenye ule unyevu, na hawamwagilii hata kikombe, udongo wenyewe unainywesha mimea mpaka mvua zirudi. Na kinyungu kikubwa kuliko vyote pale ni cha mama mkwe wangu, ambaye jina lake silitaji, wewe ni wa huku unaelewa.

Sasa maji yameshuka, akina mama wameteremka na majembe, wamekuta vigingi vimesimama katikati ya matuta yao. Mama mkwe haongei na mimi uso kwa uso, ndiyo heshima yetu, tukikutana njiani yeye anapita huku na mimi napita kule, maneno yanapitia kwa mke wangu Anneth, na safari hii yalikuja hivi: “Mwambie mume wako, wakichimba mtaro hapa maji yatafuata mtaro, hayatafuata matuta yangu. Na mwulize, kama hapa hakuna mtu, mimi ni nani?”

Nikamwambia Anneth amjibu mama yake kwamba bomba linafukiwa, majani yanaota tena, mimi nimeliona lile la mafuta la kwenda Zambia na watu wanalima pembeni yake bila tabu.

Anneth akaniuliza, “Uliliona ukiwa umesimama wapi?”

“Juu ya lori.”

“Lori limesimama?”

Tangu hapo ananiwekea sahani mezani anaondoka, na ugali wa kimya, Mama Idda, haushuki hata ukiusukuma na maji.

Ndiyo nimechanganyikiwa. Injinia anasema gesi ni maendeleo, tutaacha kumaliza miti kwa mkaa, naona ana haki. Mama mkwe anasema maji yatahama, naona naye ana haki, au labda hana, mimi nitajuaje, mimi siyo maji. Wazee wanasema nikifungua mdomo tu mstari utarudishwa makaburini, na babu yangu alikuwa mkali akiwa hai, sijui sasa yukoje. Wiki ijayo wanakuja watu wa mazingira kusikiliza maoni ya kijiji, injinia ameomba niongee mimi kwa niaba ya wananchi, na akina mama nao wamesema, sijui ni dhihaka sijui ni kweli, “Tutakuwepo kumsikiliza mwanaume wetu wa dunia.” Nikisema bonde lina watu nitaonekana mropokaji mbele ya kijiji kizima, na kizibao kitavuliwa. Nikinyamaza, sijui kama mke ninaye. Nisimame upande gani? Au nitafute lori la Lubumbashi?

Lameki, Kichiwa

*

Lameki, lori la Lubumbashi liache liende.

Nimecheka, nakubali. Kisha nikasoma tena pale mama mkwe wako anapouliza “mimi ni nani?” nikaacha kucheka. Mimi nimezaliwa Iwawa, nimelelewa na mama aliyelima bondeni, na mboga ya kiangazi naijua ilipotoka kwa sababu niliibeba kichwani.

Wewe huna roho mbaya. Uliwasaidia wazee makaburi yasiguswe, na hilo hakuna wa kukulaumu. Lakini ulijibu swali ambalo halikuwa lako. Mwenye jibu alikuwa palepale mlimani anapalilia mahindi, ungepaza sauti angeteremka. Hukumwita, kwa sababu wenye vizibao hawaiti watu, wanaonyesha kwa kidole.

Acha kujitesa kwamba maji yatahama au hayatahama. Wewe hujui, mimi sijui, na huyo Hilario aliyepima bonde likiwa limefunikwa na maji naye hajui. Unachojua ni kwamba uliwaonyesha bonde katika msimu ambao halilimwi. Basi sema hicho, wala husemi uongo wa upande wowote.

Usingoje mkutano. Nenda leo kwa mwenyekiti wa kijiji, mweleze ulivyokosea, kisha mtafute Hilario uteremke naye bondeni sasa hivi, avue viatu, asimame juu ya tuta, achomeke kidole kwenye udongo. Akauone unyevu huo mwenyewe, na adai wataalamu wa maji waje kupima kiangazi hiki, kabla mtu hajachimba chochote. Na wazee waambie hivi: makaburi na vinyungu vinatajwa pamoja, kwa pumzi moja, mlimani kuna watu waliolala na bondeni kuna watu wanaolima, na kutafuta njia nyingine ni kazi ya hao waliosomea kuchora mistari. Nani alikwambia kijiji lazima kichague kati ya babu yako na chakula cha wajukuu zake? Hilo umejitungia mwenyewe, kwa woga.

Kuhusu kizibao, kivue kabla hakijavuliwa. Wakikuhitaji watakurudishia. Wasipokuhitaji, masika yatakuja na gari lao litakwama.

Aibu utaipata, sikudanganyi. Watacheka. Wewe umewachekesha watu miaka mingi kwa hiari yako, siku moja wakicheka bila ruhusa yako hutakufa.

Siku ya mkutano vaa shati lako la kawaida, simama, useme: “Nilisema bondeni hakuna mtu. Nilikosea. Mtu mwenyewe yupo hapa.” Ndola usiitaje. Halafu, kwa kuwa huwezi kumpa mama mkwe kitu mkono kwa mkono, kipaza sauti mpe Anneth, na Anneth ampe mama yake. Kaa chini. Akiongea Kibena, wageni watafasiriwa na binti yake. Wewe usiongeze neno, usimsahihishe, usitikise kichwa kama mwalimu.

Wewe siku hiyo ni mkwe tu.

Mama Idda