Bi Poda, Njoo na Uso Mtupu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bi Poda,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimejijibia mapema, maana tangu utotoni salamu zako huchelewa. Hujambo? Goti lako je, bado linalia kama bawaba? Na shemeji, bado anakoroma au amepata kazi nyingine? Mimi mzima. Meno niliyobakiwa nayo yanatosha mkate laini, na macho yanaona mbali kuliko karibu, ndiyo maana mistari yangu inapanda mlima.

Mpwa wangu, binti yako, alinipigia simu juzi. Usimgombeze. Kasema lile doa la kando ya pua yako limekuwa kidonda, kinakauka, kinatoa damu, kinakauka tena, na wewe kila asubuhi unakifunika poda na kumwambia ni chunusi. Chunusi, kwa umri huo! Kasema pia hospitali hutaki kuisikia, eti watakukata uso. Nilicheka kidogo ili asiogope. Nilipokata simu sikucheka tena.

Sasa ngoja nikueleze ninakoshinda siku hizi. Unajua niliacha kupaka rangi, au tuseme ngazi iliniacha mimi. Basi kazi yangu ya mwisho, mwaka jana, niliitwa na kituo kimoja cha utafiti, nyuma ya hospitali kubwa. Kinaitwa Kituo cha Spektroskopia ya Tiba. Ukilitamka jina hilo kwa pupa, meno ya bandia yanakutoka. Walitaka chumba kipakwe rangi nyeusi, kuta mpaka dari, isiyong'aa hata chembe. Maisha yangu yote watu wamenisumbua wakitaka kuta zing'ae. Hawa walinifuata nyuma na tochi, wakiona pamemeta wananirudisha. Nikadhani ni wachawi waliosoma.

Kumbe kazi yao ni mwanga. Wana kijiti kama kalamu, wanakigusisha kwenye ngozi, mwanga unaingia na kurudi, na mashine inauchora kwenye skrini kama mstari wenye vilima na mabonde. Ngozi nzima ina mstari wake, iliyoharibika ina wake. Hakuna sindano, hakuna wembe. Hospitali huwaletea sampuli wazipime, watafiti wa vyuo vingine huja kutumia mashine, na kila Alhamisi kuna darasa la wauguzi na mafundi wa maabara wanaojifunza kukishika kile kijiti. Wanafunzi hao wanahitaji ngozi ya kujifunzia, na ngozi za vijana hazina habari yoyote. Yangu ina makovu, madoa na jua la miaka yote niliyopaka mabati. Nikajitolea. Wananiita Babu Mkono, na chai ipo.

Alhamisi ya kwanza, kwa kuwa nilijua nitashikwashikwa na wauguzi, nilijipaka mafuta kuanzia kisigino mpaka upara. Nilimeremeta kama sufuria mpya. Muuguzi mmoja akanigusa mkono, mstari ukatoka wa ajabu. Akagusa shingo, ule ule. Mwalimu wao, mama mwenye sauti ya upole na macho ya polisi, akasogea.

"Babu, umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu, mwanangu. Ndivyo nilivyozaliwa."

Yule muuguzi akatoa kopo la mafuta ya mgando mkobani mwake, akayapima nayo. Mstari wa kopo na mstari wangu ukawa mmoja.

"Basi babu alizaliwa koponi," akasema.

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Ningefanyaje? Mwalimu akanipa sabuni na taulo. "Tukipima mafuta tutayajua mafuta," akaniambia. "Kanawe, babu, uje wewe."

Nikanawa. Wakaanza upya. Mkono salama, shingo salama. Nyuma ya sikio la kushoto, pale kwenye kidoa ulichokuwa ukisema ni rangi imenigandia, muuguzi akaisogelea skrini. Akarudia. Akamwita mwalimu, naye akarudia, kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu. Bi Poda, mtu wa namna hiyo akivuta kiti, utani umekwisha. Akasema mashine yao bado ni ya utafiti, haiwezi kunitajia ugonjwa. Inachoweza kusema ni kwamba hapa pana jambo, daktari apaangalie. Akanisindikiza hospitali mwenyewe.

Niliogopa, usinicheke. Mguu mmoja ulikwenda hospitali, mwingine ukataka nyumbani. Daktari alinitia ganzi, akachukua kipande kama punje ya mchele. Majibu yakaja: kansa ya ngozi, ile isiyo na haraka, tena bado changa. Wakaitoa yote. Leo nina kovu ambalo kinyozi wangu hulitafuta halioni. Sikukuambia kwa sababu ungelia, na kilio chako kinasikika mpaka huku.

Nilimweleza mwalimu habari yako. Hakuniahidi kitu, nami sikuahidi. Pengine ni upele tu, na hapo utanitukana utakavyo, nitanyamaza. Ila alisema kidonda kinachotoa damu na kurudi kisingoje darasa wala mashine, kionwe na daktari kwanza. Basi daktari yule aliyenitibu atakuona Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi. Nitakaa kando yako. Ukitaka kuniminya mkono, huo si mkono mgeni kwa kazi. Kesho yake nitakupeleka ukakione chumba changu cheusi.

Nimepaka kuta nyingi zenye unyevu, Bi Poda, kwa sababu wenye nyumba walitaka wageni wasiuone. Rangi ilikaa vizuri. Ukuta haukukaa.

Chumba cha mbele nimekuandalia. Kitanda kiko dirishani, na kuta nimezipaka rangi ya maziwa ili usipate la kulalamikia, ingawa najua utalipata.

Nisalimie shemeji, mwambie akubebee mizigo mpaka kwenye basi bila kuguna. Nisalimie mpwa wangu, na yule jirani yako mshonaji anayenidai suruali. Mungu akulinde njiani, akupe na kiti cha mbele.

Na hiyo poda iache huko. Usihofu kwamba sitakutambua stendi. Uso huo niliujua kabla haujaijua poda.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinuna,
Babu Mkono