Fyuzi Tatu Ndani ya Kofia

Kwa mke wangu Mwanamkuu,

Napenda kukutangazia, kwa heshima zote na bila ya kuficha, kwamba kigoda changu cha chumba cha pampu kilihamishwa. Miaka sita kilikuwa dirishani penye upepo. Kikawekwa nyuma ya mlango, na kila aliyeingia akanigonga goti. Nimeona nikuanzie na msiba huo ili yaliyobaki yasikushtue.

Assalamu alaykum. U hali gani, na mguu wa mama unaendeleaje? Mwanetu Zuhura ameacha kukohoa? Mimi mwili ni mzima. Ya moyo ndiyo haya ninayokuandikia.

Aliyekihamisha kigoda ni Swaleh, mtoto wa mjomba wako. Yule yule uliyeniandikia habari zake, "Mpokee vizuri, ni damu yangu." Nimempokea. Nimempa nusu ya kabati langu na mto wangu mzuri. Lakini hukuniambia kwamba anakuja na cheti cha ufundi cha Mombasa, suruali zilizopigwa pasi na kalamu tatu za rangi mbalimbali mfukoni. Wala hukunikumbusha kwamba ndiye aliyekuposa kabla yangu. Hilo la mwisho sikuhitaji kukumbushwa.

Unajua kwamba msimamizi wetu wa pampu amestaafu na kurudi kwao. Unajua pia, maana nimekuandikia hata ukachoka, kwamba nafasi yake ina nyumba: vyumba viwili, baraza na jiko la nje. Sisi wengine tunalala wanne chumba kimoja, na mke hawezi kuletwa. Meneja wa shamba alisema atachagua mtu mwisho wa mwezi. Mimi nimeihudumia pampu hii miaka sita. Swaleh ana wiki tano. Lakini yeye ana cheti, na mimi nina masikio tu. Nikaona wazi kwamba nyumba inakwenda kwake, wewe unabaki kwetu Faza, na mimi naendelea kuwa mume wa bahasha.

Pampu yenyewe nilishakueleza. Inavuta maji ya mto Sabaki, inayapeleka mashambani na kwenye tangi la watu wa Mambrui. Haitaki haraka. Kwanza unaizungusha shafti, ule mhimili wake, kwa mkono, uone haijakwama. Unaijaza maji mpaka kile kibomba cha juu kiache kutema hewa. Koki ya kutolea maji unaifunga, unawasha, halafu unaifungua pole pole kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Haya hakunifunza mtu. Niliyajua kwa kusimama pale na kutazama wenzangu wakikosea.

Swaleh, wiki yake ya pili, akayaandika yote ubaoni kwa wino mwekundu, hatua tisa, kwa ule mwandiko wake wa kunakshi. Niliusoma ubao ule mara tatu nikitafuta kosa. Sikuliona. Sitakuficha, nilikosa hamu ya kula.

Na jioni, tukikaa, huniuliza, "Shemeji, Mwanamkuu bado anapika ule mkate wa sinia?" Namjibu, "Anapika." Naye husema, "Ule mkate bwana." Mkate wangu, Mwanamkuu. Anaukumbuka.

Basi tuna desturi hapa, nami ndiye niliyeianzisha. Mtu akitaka kuifungua pampu atie mkono ndani, huzima swichi kubwa, huzitoa zile fyuzi tatu za kaure, kila moja kama kidole gumba, huziweka ndani ya kofia yake na kuivaa. Hapo hata aje mwendawazimu akivuta swichi, pampu haizunguki mpaka mwenye kofia apende. Kazungu, mwenzetu wa kutoka Ganda asiyevaa kofia, alijinunulia moja kwa kazi hiyo tu.

Ijumaa iliyopita, kama saa tano, pampu ikaanza kupiga kelele ya changarawe ndani ya debe, na mshale wa geji ya kupimia presha ukatetemeka. Nikafungua kinywa niseme, Swaleh akanitangulia. "Magugu yameziba mlango wa kunyonya. Zima."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilitamani iwe kitu kingine.

Akamtuma Kazungu mtoni akasafishe chujio. Akazima swichi, akatoa fyuzi, akazipanga mezani kama vikombe vya kahawa.

"Swaleh," nikamwambia, "kofia."

Akacheka. "Shemeji, mimi nimesoma miaka miwili. Sikusoma kubeba umeme kichwani."

Kazungu, aliyekuwa bado mlangoni, akacheka naye. Akafuta kicheko haraka, lakini nilishakisikia.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Swaleh alipoinama nyuma ya pampu kulegeza bolti, nilizichukua zile fyuzi, nikazitia kofiani mwangu, nikashika njia ya Mambrui kuswali Ijumaa. Sikumwonea huruma wala sikuwaza usalama wake. Nilitaka amalize kazi, afunge bolti zake, azitafute fyuzi mpaka chini ya meza, kisha anisubiri nirudi aniombe. Nililiwaza ombi lenyewe njia nzima. Nilikuwa hata nimemchagulia maneno.

Msikitini bomba lilitoa upepo tu, kwa hiyo tulitawadha kwa maji ya kisima, na watu wakaninong'onea, "Athmani, leo maji yenu wapi?" Nikaingia safuni. Tulipoinama rukuu nilihisi kitu kinasogea utosini. Tuliposujudu, fyuzi zikatoka moja moja, zikabiringika mpaka mbele ya mzee aliyekuwa kando yangu. Baada ya salamu akaniokotea, akaziangalia mkononi.

"Athmani, tangu lini unataga?"

Safu nzima ikageuka. Nilizipokea, nikatoka bila ya kungoja sunna, nikapanda baiskeli.

Nilipofika, Swaleh alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, nyuma ya mlango, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama si wake. Kazungu ndiye aliyenihadithia. Meneja alipita, akasikia pampu kimya, akaingia kwa hasira. Hakuona mtu, maana Swaleh alikuwa chini upande wa pili, mkono umezama mpaka begani, anachomoa magugu kwenye lile pangaboi la ndani linalosukuma maji. Meneja hakuuliza. Akavuta swichi kubwa, akabonyeza kitufe. Kazungu alikuwa ndiyo kwanza anatoka mtoni, akaona kutoka mlangoni, akapiga ukelele, lakini kidole kilishabonyeza.

Pampu haikusogea hata ukucha.

"Swaleh alitoka pale," Kazungu akaniambia, "anauhesabu mkono. Vidole vitano, anahesabu tena."

Meneja naye alikuwapo, jasho linamtiririka. "Nani aliyechukua fyuzi? Zingekuwa mezani, ningezirudisha mimi mwenyewe kabla ya kuuliza."

Nilitaka kusema. Swaleh akanitangulia, kama kawaida yake. "Ni shemeji. Ndiyo kazi yake hiyo. Aliniambia nivae kofia, nikamcheka, akaona anivalie yeye." Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. "Mwanamkuu amepata mume," akasema.

Mwanamkuu, hata wema wake ni mzuri kuliko wangu. Ningemweleza ukweli, lakini meneja alikuwa anasikiliza, na nyumba ina vyumba viwili. Nikatazama chini. Wakasema ni unyenyekevu.

Jumatatu niliitwa ofisini, nikapewa usimamizi na funguo. Swaleh ameongeza hatua ya kumi ubaoni, juu ya fyuzi na kofia, na akaandika jina langu pembeni. Kwa wino mwekundu, mwandiko ule ule. Ananiomba nikufikishie salamu zake. Zimefika, usizijibu kwa urefu. Kigoda nimekirudisha dirishani kwa mkono wangu mwenyewe, na jana nilimkuta amekikalia tena.

Basi jitayarishe wewe na Zuhura. Mama akikubali, aje naye. Chumba cha nyuma kina kivuli na mguu wake utapumzika. Sinia la mkate lilete, lakini mkate utapikwa siku ambazo Swaleh yuko zamu.

Nisalimie baba mkwe, umwambie hakukosea aliponichagua mimi, au alikosea kidogo tu. Nisalimie shangazi Mwanaidi aliyeishangilia nikaha yetu kuliko sisi wenyewe, na jirani anayekuandikia barua na kukusomea zangu mbio mbio. Hii mwambie aisome pole pole, na ile sehemu ya msikitini airuke.

Ni mimi mumeo anayekungoja barazani,
Athmani

Njoo na ndoo mbili. Nyumba ya msimamizi wa pampu haina bomba.