Mlango Usio na Kuta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya mengine yote nakutangazia rasmi, kwa niaba ya familia nzima, kwamba mdogo wako ameota kipara. Kimeanzia utosini na kinajipanua bila kibali cha ujenzi. Mama anasema ndiyo maendeleo pekee yaliyoonekana nyumbani mwaka huu. Yeye hajambo, ila magoti. Nanyi je? Kikohozi cha shemeji kimepona?

Huku hali imekaza. Kiwanda kimefungwa, maduka yanafuata, lakini kodi ya majengo inapanda tu, kana kwamba yenyewe haijasikia habari. Yule mzee fundi viatu wa mtaani, nyumba yake imepigwa mnada kwa deni la kodi. Alitoka na kiti kimoja, akakaa nacho kando ya barabara, akawa anajibu salamu kama kawaida. Tangu siku ile mtaa mzima haulali.

Ikavuma kwamba mthamini wa serikali hupita akitazama nyumba kwa macho, na yenye rangi na baraza nzuri hutozwa zaidi. Basi mimi niliyeupaka mtaa huu rangi maisha yangu yote, nikaanza kuitwa kuukwangua. Nimewapaka watu masizi, nimewang'olea vigae. Mama muuza unga alilalamika kwamba nimemchakazia upande mmoja vizuri kuliko mwingine, akataka nirudie. Wananiita Fundi Chakaza. Nami nilicheka nao, maana ndiyo kazi iliyobaki.

Kwetu niliona masizi hayatoshi, kwa sababu ya vile vyumba viwili vya uani ulivyojenga kwa ajili ya kurudi kwako. Mama alinikataza. Alisema mimba hufichika kwa muda, nyumba haifichiki hata siku moja. Nikamwambia mambo ya ufundi awaachie mafundi.

Kwenye simu nilikwambia kuta zimeangushwa na mvua. Mvua haikunyesha, dada. Nilizibomoa mimi, kwa nyundo, mama akiwa amekaa jikoni ameziba masikio.

Mthamini alikuja, binti mpole tu. Hata ndani hakuingia. Alieleza kwamba siku hizi wanatoza kwa ukubwa wa kiwanja na ukaribu wa barabara mpya, nyumba yenyewe hawaitazami. Kisha akaona kifusi, akauliza kwa heshima kama tunajenga. Kodi yetu imepanda sawa na ya wengine, na ya kuilipa hatuna.

Mlango wako niliuacha na fremu yake, kwa kuwa rangi ile uliichagua wewe. Mama hufagia sakafu yako kila asubuhi, kisha hutoka kwa mlango huo na kuufunga. Sijathubutu kumwuliza anamfungia nani.

Msalimie shemeji, na watoto wote. Ukija tutakupokea kwa mikono miwili, ila sijui kama itakuwa hapa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Chakaza