Siku Saba za Tunisia

Garissa, 3 Machi 1996

Pasipoti imetoka! Hinda, imetoka, nimeifungia kwenye sanduku la nguo na ufunguo ninao shingoni!

Sasa salamu. Assalam aleikum, mwanangu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Wewe na Mahat hamjambo? Na wajukuu wangu, Ikran na Salah, bado wanakohoa na ile baridi yenu?

Ngoja nikueleze. Wazee wa kamati waliniketisha tangu asubuhi waone kama mimi ni Mkenya kweli. Wakataka ukoo mpaka babu wa saba. Nikataja wa saba, wa nane, nikaenda tu mpaka wa kumi na moja. Mzee Aden akasema, "Mama, inatosha, sisi tuna njaa." Mwanamke gani mwingine hapa Garissa amewahi kuwachosha wazee kwa mababu?

Ile karatasi ya picha za hoteli uliyonitumia imezunguka mtaa mzima mpaka imechanika katikati. Nimewaambia wote: siku saba Tunisia, pamoja na binti yangu aliye Norwe. Hoteli imekaa mchangani, bahari iko mlangoni. Unafungwa bangili ya plastiki mkononi, ukiionyesha unapewa wali, samaki, soda, aiskrimu, hata saa tisa alasiri wakati hakuna mtu mwenye akili anayekula. Sirad wa maziwa akanichokoza: "Abshiro, na baharini utaoga na nini? Na gauni lako la dira?" Nikamjibu, "Nitaoga na dira na shungi juu, na wazungu watatoka majini wanipishe." Walicheka mpaka Sirad akamwaga maziwa.

Najua huko chakula hakiishi, lakini nimeanza kukausha nyama ya ngamia ya nyirinyiri, ndoo mbili. Chakula cha hoteli si chakula cha mama.

Mwalimu Gacheri, jirani yangu wa Meru, anasema Kiswahili changu cha ngumbaru kimenyooka kuliko cha wanafunzi wake. Kisomali cha kuandika hatukufundishwa, wewe wala mimi, basi hiki cha shule kitatufaa.

Inakaribia miaka minne sijaona uso wako. Wajukuu sijashika hata mmoja. Wafundishe kuniita ayeeyo, wasije wakanishangaa uwanja wa ndege kama bibi wa watu.

Hooyo yako,
Abshiro


Bergen, 29 Machi 1996

Hooyo, mama yangu,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima. Watoto wameacha kukohoa. Theluji imebaki pembeni mwa barabara. Pole na magoti, na hongera kwa pasipoti.

Nafasi ya hoteli nimeshaiweka, tarehe kumi Agosti mpaka kumi na saba. Vyumba viwili vyenye mlango katikati. Kuna mabwawa matatu ya kuogelea, moja la watoto. Nyama ni halali, nimeuliza mara mbili.

Lakini ubalozi wa Tunisia, kwa viza yako, wanataka barua yangu ya kusema wewe ni nani kwangu, pamoja na nakala za karatasi zangu za hapa. Nimekaa na hiyo fomu siku tisa.

Hooyo, unakumbuka kambi ya Ifo. Ukame wa tisini na mbili, ng'ombe wetu walipoisha Ijara, tukaenda kupanga mstari wa chakula pamoja na wakimbizi. Uliniambia niseme nimetoka Kismayu, Somalia, niko peke yangu, mama alikufa vitani, kwa sababu yatima ndio wanaopelekwa nje haraka. Nilisema. Wakaandika. Karatasi zangu zote za hapa zimesimama juu ya maneno hayo. Mama: marehemu, 1991. Ndiyo maana siwezi kuja Garissa, serikali ya huku itaniuliza mtu wa Kismayu amepata wapi ndugu wote hao. Ndiyo maana nilichagua Tunisia. Nilidhani huko hakuna atakayeuliza.

Nikiandika kwamba wewe ni mama yangu, wanaweza kututoa huku sote wanne. Mahat anasema niandike habaryar, mdogo wa marehemu mama.

Na kuna watoto. Ikran ameanza chekechea, kila kitu anamwambia kila mtu. Tulimwambia ayeeyo yake alikufa kabla hajazaliwa. Akikuita ayeeyo pale hotelini, atarudi shuleni aseme alikuwa likizo na ayeeyo. Itabidi akuite habaryar, kama mimi.

Utaweza, siku saba? Sijui ninahisi nini nikiandika haya. Naandika tu.

Binti yako,
Hinda


Bergen, 21 Mei 1996

Hooyo,

Salaam. Sisi wazima, natumaini nawe pia. Wiki saba sijapata barua yako. Hoteli wanataka majina yote kabla ya mwisho wa Juni, na bila jina kitanda chako kitaondolewa. Sema ndiyo au sema hapana. Sitakasirika.

Binti yako,
Hinda


Garissa, 9 Juni 1996

Hinda,

Assalam aleikum. Hamjambo huko? Mimi mzima. Mvua ilinyesha siku mbili ikakatika.

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza niliisoma mara moja nikaenda kukamua mbuzi. Nilingoja nilie, kilio hakikuja. Sirad akauliza safari imefika wapi. Nikamwambia ipo.

Maneno yale ya Ifo nilikufundisha mimi. Ulikuwa ukiyarudia nyuma ya hema, na ukikosea nakufinya. Ulipotoka kuandikishwa nikajisifu kwa wanawake wa mstarini kwamba binti yangu amesema bila kupepesa jicho. Kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Andika habaryar. Nimejizoeza. Nimesema "mimi ni habaryar wa Hinda" mbele ya sufuria, nimesema mbele ya mbuzi, linatoka sawasawa. Ikran akiniita nitaitika. Wewe usinikumbatie sana pale uwanjani watu wakiangalia, habaryar hukumbatiwa kidogo. Salah nitambeba. Habaryar pia hubeba mtoto.

Jambo moja tu nililobaki nalo. Kama mama yako alikufa mwaka wa tisini na moja, hakuna aliyemsomea hitima. Hakuna aliyemchinjia hata kuku. Na mimi unanijua, si mtu wa kuondoka kimya kimya. Nimetenga beberu mkubwa kuliko wote nilio nao, na sheikh amekubali kuja kusoma. Wao wanajua ni dua ya safari. Wewe na mimi tunajua. Siku hiyo, huko uliko, nawe soma kidogo.

Mwalimu Gacheri anakuja, mzee Aden anakuja na kamati yake nzima, na Sirad ameshauliza kama kutakuwa na pilau. Nimemwambia pilau itapikwa ambayo Garissa haijapata kuiona. Nimewaita wote, Jumamosi, tarehe sita Julai, baada ya laasiri.

Habaryar yako,
Abshiro