Kiti cha Mlezi

Jumapili, mwisho wa Oktoba. Joto, na mvua haijaamua.

Kosa wanalolifanya wengi, wakimpenda msanii aliyezeeka, ni kumpa kiti.

Hawamfukuzi. Wangemfukuza, angejua la kusema. Wanamletea kiti chenye mto, wanakiweka mbele, wanamwita mlezi wa kwaya au mlezi wa kikundi. Siku ya sherehe wanamwomba asimame apunge mkono, watu wanapiga makofi, anaketi tena. Kuanzia hapo haimbi, hachezi, haigizi. Kazi yake ni kukaa. Nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote na adhabu nyingi nazijua, lakini sijaona inayotolewa kwa upole kama hii.

Naandika nikiwa barazani kwangu hapa Makanyagio, Mpanda. Mawingu yamejikusanya upande wa Nsimbo tangu asubuhi. Vumbi la bodaboda linapanda hadi kwenye kikombe cha chai. Nina uchungu, na afadhali niseme mapema ili msomaji asije akautafuta utamu humu.

Jana tulizindua kikundi chetu cha maigizo. Tumekiita Hazeeki Maini, kutokana na ile methali ya ng'ombe. Mnyama anaweza kukonda, pembe zikachakaa, ngozi ikalegea, lakini ini lake ukilipika ni lilelile. Sharti letu ni moja: anayepanda jukwaani awe mtu mzima aliyekwisha kustaafu, iwe kazi ilimstaafisha au watoto wake walimstaafisha. Hatukutaka kuwa kikundi cha kuwachezea ngoma wageni wakishuka kwenye magari. Tulitaka tamthilia yenye mwanzo na mwisho, na watu wakae waitazame.

Wazo nililipata msibani. Kwa vijana mnaosoma hapa na mmekulia kwenye simu, nieleze kidogo. Zamani, na hata sasa kwa baadhi ya familia, mtu akifa watani wake huja wakafanya vituko. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, sauti yake, hata alivyokuwa akipiga chafya. Wafiwa wanalia huku wanacheka. Si utovu wa adabu. Ni namna ya kumtazama marehemu mara moja zaidi kabla hajafunikwa.

Katika msiba huo alikuwepo Mzee Mihayo, Mnyamwezi aliyekuja Mpanda kufanya kazi ya reli akaoa hapahapa. Alikuwa anamwiga marehemu, mtani wake Mfipa, na katikati ya vituko akawaonya waombolezaji wamfunike vizuri, asije akawapiga radi njiani, kama Wafipa wanavyosingiziwa. Bibi mmoja akajibu kutoka kwenye mkeka wa wanawake, bila kuinua sauti, kwamba jeneza watamwachia Mihayo alibebe peke yake, maana mizigo ya misafara babu zake waliizoea. Watu walicheka mpaka padri akageuza uso.

Bibi huyo ni Skolastika. Rafiki yangu. Sisi tunamwita Skola.

Skola aliuza dagaa wa Ikola sokoni kwa miaka mingi, na Jumapili alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Sauti yake ilipoanza kukwaruza, wanakwaya hawakumwambia anyamaze. Walimpa ulezi. Wakamshonea sare mpya, wakamwekea kiti pembeni ya kinanda. Ameivaa sare hiyo tangu wakati ule na hajaimba hata mstari mmoja.

Nilipowakusanya wenzangu tuanze kikundi, niliandika tamthilia fupi. Mama mmoja amekufa. Amelala katikati ya jukwaa, amefunikwa shuka. Watoto wanagombania nyumba yake. Mtani anaingia amejifunga khanga ya marehemu na kuanza kumwiga, anazidisha, anapotosha. Marehemu anavumilia, anavumilia, mpaka anashindwa. Anajiinua mwenyewe, shuka linaanguka, anamwambia mtani kwamba hakutembea hivyo. Kisha anatembea toka upande huu wa jukwaa hadi ule, mwendo wake halisi, na mchezo unaishia hapo. Kila kilichotangulia nilikiandika kwa ajili ya kule kuinuka.

Skola nilimpangia sehemu ya shangazi. Akakataa. Alitaka kuwa marehemu. Alisema amekaa vya kutosha, sasa anataka kulala ili apate pa kuinukia.

Mazoezi yalikuwa furaha yangu ya mwaka huu. Mihayo alikuwa akimzunguka pale chini, anamsifu kwa kuwa maiti mwenye kelele za tumbo. Skola, chini ya shuka, anamjibu kwamba kwao Unyamwezi hata maiti wana akili kumzidi. Nilikuwa nawakemea kama wanafunzi wa darasa la tatu, na moyoni nataka waendelee.

Basi, jana.

Ukumbi ulikuwa bado na mapambo ya harusi ya watu wengine, vitambaa vya waridi vimening'inia juu ya jukwaa letu la mbao. Mgeni rasmi alihutubia, akasema wazee ni hazina. Nilipiga makofi kama wengine, ingawa nilikuwa nafikiri kwamba hazina, kwa kawaida, hufungiwa.

Tukaanza. Watu walikuwa wamejaa, na walicheka pale tulipotarajia wacheke, na mara mbili pale ambapo hatukutarajia. Mihayo aliingia na khanga kiunoni. Mkongojo mkononi, mgongo umepinda, anatetemeka kidevu. Ukumbi ukaangua kicheko. Nyuma ya pazia nilikuwa natazama shuka jeupe, nasubiri litikisike.

Kwenye safu ya tatu akasimama Alfonsi, mwana wa Skola. Mji mzima unamfahamu, anauza mabati na misumari, na anamtunza mama yake kuliko watoto wengi wanavyotunza. Nilimfundisha shule ya msingi. Nikadhani anatoka kupokea simu.

Alipanda jukwaani na viatu vyake vya misa. Akapiga goti, akafunua shuka, akamshika mama yake chini ya makwapa.

"Mama, inuka twende. Unajichuria."

Kujichuria ni kujitakia mabaya, kuyaita kabla ya wakati wake. Mtu mzima hajaribu jeneza. Ndivyo tulivyolelewa, na sitajifanya sikulijua hilo nilipokuwa naandika. Nilidhani watu wataliona jukwaa kuwa jukwaa.

Skola aliinuka, ila hakujiinua. Akanisogelea akiwa ameshikwa mkono, akipepesuka kidogo kwa sababu ya kulala muda mrefu, na hiyo ndiyo iliyokuwa picha ya mwisho ya tamthilia yangu: bibi anayepepesuka, na mwanawe anayemshikilia.

Watu wakapiga makofi.

Walimpigia Alfonsi. Nilisikia mwanamke mmoja akisema mtoto ni huyo, wengine tumezaa mizigo. Makofi ya kwanza ya kikundi cha Hazeeki Maini yalikwenda kwa mtu aliyeusimamisha mchezo wake.

Leo baada ya misa wenzangu walikuja kwangu. Nilidhani wamekuja kukasirika pamoja nami. Mzee Mihayo ndiye aliyeanza, na alikuwa na jambo alilolifikiria usiku mzima. Alisema Skola apewe ulezi wa kikundi, akae mbele, atambulishwe kwa heshima. Pale chini alale binti wa jirani yake, ana kipaji, atapakwa majivu kichwani na kuchorwa makunyanzi, na hakuna atakayechuriwa.

Nilimuuliza kama anasikia anachokisema. Kikundi cha wazee, na mzee wake achorwe.

Hakunitazama. "Mwalimu, yule akifa mwezi huu, watasema mimi ndiye niliyemchuria. Mimi nakaa na watu."

Wengine wakaguna kukubali. Si watu wabaya. Kila mmoja ana wajukuu wanaosikia yanayosemwa kisimani na sokoni. Walinyoosha mikono, nami sikunyoosha, lakini pia sikusema neno. Nilijiambia kwamba kiongozi husikiliza. Nimewafundisha watu kutofautisha kusikiliza na kuogopa, na leo nilishindwa mtihani wangu mwenyewe.

Wakanituma nikampe Skola habari.

Nilimkuta uani kwa Alfonsi, kwenye kiti cha plastiki chenye mito miwili. Alfonsi aliniamkia vizuri, akaniletea soda, akavuta kigoda akakaa karibu kwa adabu zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akasema taratibu kwamba hana chuki nami. Alimzika baba yake na mdogo wake katika kiangazi kimoja, na wote wawili aliwafunika shuka kwa mikono yake.

"Nyie mnaona mchezo," akasema. "Mimi nimeshaliona lile shuka."

Ana haki ya hofu yake. Ninachobishana nacho ni kwamba hofu ni yake, na anayelipishwa ni mama.

Nikamweleza Skola uamuzi wa kikundi. Nilitumia maneno mazuri: heshima, mwongozo, busara. Nikiyatamka niliyasikia yanavyonuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho hakikuhusiana na ulezi hata kidogo. Alikuwa amefunikwa jana, hakuona kitu. Alitaka kujua Mihayo alimwigaje.

Wakati wa mazoezi Mihayo alikuwa akiutunza mwigo wake kwa siku yenyewe, anasema mtani hauzi bidhaa kabla ya soko kufunguliwa. Kwa hiyo nikamweleza. Mgongo umepinda, kidevu kinatetemeka, mkongojo.

"Mkongojo? Mimi?"

Hapo ndipo nami nikaona nilichokosa kukiona jana nikiwa nyuma ya pazia. Skola hajawahi kushika mkongojo. Mihayo, ambaye ni mzee, ambaye amemjua bibi huyu tangu wote wawili wana nywele nyeusi, hakumwiga Skola. Aliuiga uzee, kama vijana wanavyouiga. Nadhani tukioneshwa mara kwa mara namna watu wanavyotuona, mwishowe tunaanza kujitazama kwa macho yao.

Skola akaweka mito chini. Akashika mikono ya kiti, akajiinua.

Alitembea kutoka pale kiti kilipokuwa kuelekea ukuta wa jiko. Bega la kushoto linatangulia, kama mtu anayepita mlangoni na beseni kichwani, maana beseni la dagaa lilimfundisha kutembea hivyo na mwili haujasahau. Shingo imenyooka. Mkono mmoja unapepea inzi ambao hawapo. Niliandika tamthilia nzima kwa ajili ya mwendo huu, na niliuona uani, na watazamaji tulikuwa mimi, msichana wa kazi aliyekuwa anaosha masufuria, na Alfonsi.

Alfonsi alikibeba kile kiti akamfuata nacho.

Alipofika ukutani na kugeuka, kiti kilikuwa nyuma yake. Akakitazama. Akakizunguka, akaanza kurudi, bega mbele vilevile, na mwanawe akakiinua tena akamfuata, mto chini ya kwapa, uso wake umejaa mapenzi na wasiwasi. Msichana wa kazi aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Mimi sikucheka.

Mara ya pili Skola alikaa. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka hukaa, hata kwenye kiti asichokitaka. Alihema kidogo. Alfonsi akanitazama kana kwamba ametoa ushahidi wake.

"Waambie ulezi sitaki," Skola akaniambia. "Kiti ninacho."

Nimerudi nyumbani na nimempigia Mzee Mihayo. Nimemwambia nilichopaswa kukisema asubuhi: hakuna binti wa kupakwa majivu. Tamthilia itabaki bila mwisho wake mpaka Skola aimalize mwenyewe, na kama hataruhusiwa kamwe, basi kila tutakapoigiza tutafika pale kwenye shuka, tutasimama, na tutawaambia watu aliyetakiwa kuinuka yuko wapi na kwa nini. Aliguna kwenye simu. Akasema nitakivunja kikundi kabla hakijafikisha wiki. Huenda. Kisha, kabla hajakata, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli Skola ametembea. Nikasema ndiyo. Akauliza alitembeaje.

Nikamwambia aende mwenyewe akamwombe amwoneshe. Hakuahidi.

Sijui kama Alfonsi atamwachia. Nafikiri hapana. Skola ana mwaka huu, na labda ujao, wa kuweza kulala chini na kuinuka bila kushikwa, na miezi hiyo inaliwa na watu wanaompenda. Hilo ndilo linalonichoma. Ningekuwa na adui, ningejua pa kuanzia.

Mawingu bado yako Nsimbo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa huenda nawe una mzee ndani ya nyumba, amewekewa mto, amewashiwa redio, ameamkiwa vizuri asubuhi. Usiniandikie kunipa pole. Leo hii mwombe akuoneshe jambo alilokuwa akilifanya mbele ya watu, na kile kiti chake kikalie wewe mpaka amalize.