Vigae Nilivyoviosha kwa Sabuni

Mwalimu Deo,

Nina hasira na we, wacha nianzie hapo. Ulikuja dukani kwangu mtaa wa Asiatique ukaomba kona ya stoo tu, uweke katoni za vigae, vile vipande vya vyungu ambavyo klabu yako ya vijana inachimbua. Mwezi haujaisha, na mi nimeshakuwa msaidizi: kuchemsha chai, kuandika majina, kukemea wanaochelewa kutoka Musaga. Mi muuza vitenge, vyungu vya watu wa kale vinanihusu nini? Ukasema, "Zuhura, we shika tu ufunguo." Halafu ukauawa barabarani ukitoka kwenye mashimo ya Kanyosha, ukaniachia ufunguo na watoto wa watu.

Tangu uende hatuchimbi. Askari wamekataza, kwao mutu mwenye jembe na shimo anaficha bunduki. Wazazi nao wanaogopa mifupa. Wanasema ya waliouawa juzi itatoka kabla ya ile ya kale, na siwezi kuwabishia.

Juma lililopita wazazi wakasema watakuja kutazama, waamue kama watoto waendelee au wabaki nyumbani. Nikaona aibu, vigae vina vumbi. Nikavitia vyote kwenye beseni, nikavisugua kwa sabuni ya unga. Maji yalipogeuka bluu ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeosha namba zako, Mwalimu, zile ndogo za wino zinazosema kila kigae kilitoka shimo gani. Mara ngapi uliniambia kigae bila namba ni takataka? Na we, kwa nini hukuniomba rangi ya kucha uzipake juu zisifutike? Ninaiuza pia, kando ya vitenge! Nililia pale pale.

Wazazi wakanikuta hivyo. Sikuficha, nikawaambia nimeharibu. Basi watoto wakakaa chini, wakafungua daftari lako lenye namba ya kila kigae na jina la aliyekiokota, wakaanza kuvigeuzageuza. Chantal akasema, "Hiki nilikitoa mi. Hapa ndipo jembe langu lilikigonga." Mama yake alikuja kumtoa klabuni, nikajua kwa uso. Akaishia kumshikia kichupa cha rangi ya kucha, namba zikiandikwa upya. Hakuna aliyetolewa siku ile. Kesho sijui.

Kimebaki kigae kimoja, Mwalimu, chenye ukingo wa mistari. Hakuna aliyekidai. Ni kile alicholeta mkeo, kilichokutwa ndani ya mfuko wako siku uliyouawa. Hakikuwa na namba hata kabla ya sabuni yangu. We peke yako ndiye unajua ulikiokota wapi, na umenyamaza. Hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Watoto walitaka tukisie tu. Nimesema apana. Nimeacha mstari wake wazi kwenye daftari, na askari wakituruhusu tutakwenda Kanyosha wote, tuulize shimo kwa shimo.

Nimekuombea kwa dini yangu, si yako, usinune. Lala, Mwalimu. Ufunguo ninao.

Zuhura