Vitenge Vimelala Kitandani, Mama Mkwe Alale Wapi?

Shangazi Cornelia, shikamoo.

Naomba msaada kabla nyumba yangu haijabomoka. Mimi ni mama wa watoto wakubwa waliokwisha kujitegemea, naishi Chanji hapa Sumbawanga na mume wangu Kornel, na tatizo langu ni vitenge. Zamani sista mmoja parokiani alitufundisha akina mama kushona mablanketi ya viraka, unakata vitenge vipande vipande unaviunga, na baridi yetu unaijua, basi nikaipenda kazi ile kwa moyo wote nikaanza kukusanya vitambaa, kila nikienda gulioni narudi na kimoja, kila harusi yenye sare nachukua na cha akiba, sasa chumba cha wageni kimejaa mpaka kitandani, ukifungua mlango vinakuangukia. Blanketi sijashona hata moja, kwa sababu kila nikishika mkasi naona kukikata kitambaa kizuri vile ni dhambi, tena kuna kimoja cha bluu chenye tausi, Shangazi, kile hata kukikunja nanawa mikono kwanza.

Usidhani sivitunzi. Niliona vitundu kwenye kimoja nikaogopa, nikachukua ile dawa ya unga tunayochanganya na mahindi yasiliwe na dumuzi, nikavinyunyizia vyote, Jumapili nikavaa kimoja kanisani, safu yetu nzima ya kwaya ikapiga chafya mpaka Padri akakatiza mahubiri akauliza nani amekuja na pilipili. Vingine nilivificha kwenye gunia la ulezi, Kornel akaenda kuchota wa kusaga akaibuka na kitenge, akakitundika ukutani mbele ya meza, tukanywa uji tunakitazama.

Sasa mama yake, Bibi Lucia, anakuja kutoka Mwazye kukaa nasi moja kwa moja, miguu inamsumbua na kule amebaki peke yake. Kornel ameniambia, "Mama Silvana, mama yangu akifika akakosa kitanda, narudi naye Mwazye, wewe ubaki ulale na vitenge vyako." Na Kornel hatanii. Nilishauri mama afikie kwa wifi yangu Otilia mwenye nafasi, Kornel akanuna, tena huyo Otilia kila akija anakishika kile cha tausi anasema, "Wifi, hiki kinanisubiri mimi." Mama alipokuja Juni alilala sebuleni, akatetemeka kwa baridi, akaomba kitu cha kujitanda, nikampa koti la Kornel, maana vitenge bado vilikuwa vipya. Si kwamba simpendi mama mkwe. Ninachoomba ni unipe maneno matamu ya kumlainisha mume wangu, aongeze chumba kimoja tu, cha mama.

Mwenye Vitenge, Chanji

*

Marahaba, Mama Silvana.

Nilikuwa nimekuandalia pole, lakini nilipofika kwenye lile koti nikaihamishia kwa mama mkwe wako. Mzazi anatetemeka Juni ya Sumbawanga, wewe una mlima wa vitambaa ulivyonunua kwa ajili ya mablanketi, halafu unamletea koti la mwanaume! Na bado unataka maneno matamu. Sina.

Kukuelewa nakuelewa. Kitenge kipya kina raha yake, na mama aliyewavalisha watoto miaka yote yeye akibaki na kilichochakaa anastahili kuwa na kitu chake kizuri. Hata mimi ninavyo, na ni vingi kuliko ninavyomwambia mume wangu. Lakini vyangu havijawahi kumnyima mtu kitanda.

Sikiliza. Dawa ya dumuzi ni sumu, na dumuzi hana habari na kitenge. Toa vyote nje, fua kila ulichonyunyizia, uanike mpaka vikauke kabisa, kwa kuwa kitambaa kilichofungiwa na unyevu huota ukungu hata ukikisalia novena. Kornel asijenge chumba, apigilie rafu ukutani, ziinuke kutoka sakafuni, mbali na dirisha jua lisivipaushe. Kunja vyote kwa upana mmoja, rangi na rangi yake, ili ukitaka chekundu uvute chekundu bila kubomoa mlima. Kisichoenea kwenye rafu kimezidi, kipeleke kwa akina mama wenzako ambao mkasi hawauogopi. Na gunia la ulezi liachie ulezi.

Kisha kata. Mkono ukitetemeka, acha utetemeke, Bibi Lucia alitetemeka zaidi. Anza na hicho cha tausi. Kiweke katikati ya blanketi lake, ulitandike kwenye kile kitanda kabla hajashuka kwenye gari, na akiuliza nani ameshona, mwambie ni wewe. Kornel ataona, wala hutahitaji maneno yangu.

Ukishindwa, hakuna atakayekulazimisha. Lakini utaratibu wetu unaujua. Siku Mungu akikuita, watu watakaa, watalia, wataanua matanga, halafu hicho chumba kitafunguliwa na mawifi watagawana. Otilia atamchukua tausi wake, na kesho yake asubuhi atakuwa kwa fundi, wala hatanawa mikono.

Shangazi Cornelia